Gugu Halifi kwa Njaa: Jinsi Viuagugu Vinavyovuruga Nishati Ndani ya Seli ya Mmea

Chukua miche miwili ya aina moja, inyunyizie kiuagugu kiitwacho parakwati kwa kipimo kilekile, kisha mmoja uache juani na mwingine uufungie gizani. Wa juani utaanza kunyauka baada ya saa chache, na kufikia kesho yake majani yake yatakuwa yamekauka na kuwa hudhurungi. Wa gizani utabaki kijani kwa muda mrefu zaidi. Sumu imo ndani yake na imeshafika kwenye seli, lakini imekaa tu. Utoe nje asubuhi ya pili uone: nao utaungua, tena pengine vibaya kuliko mwenzake, kwa sababu dawa ilipata usiku mzima wa kusambaa.

Jaribio hilo dogo linatosha kutilia shaka maelezo yaliyozoeleka mno, kwamba kiuagugu kinachozuia usanisinuru huua kwa kuunyima mmea chakula. Mmea una akiba. Ukiufungia gizani siku kadhaa hautengenezi sukari yoyote, na bado ukitolewa unaendelea na maisha yake. Mmea uleule ukipewa atrazini au diuroni, viuagugu vinavyozuia usanisinuru, na kuachwa juani hufa ndani ya siku chache. Wote wawili walikosa kutengeneza chakula, ila aliyekufa ni yule aliyekuwa na mwanga. Kilichomuua ni nishati iliyoingia ikakosa pa kwenda.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ukilielewa vizuri, mengi yanayowatatiza wanaotumia dawa hizi yanajieleza yenyewe. Utajua kwa nini dawa moja hutaka jua kali na nyingine haijali, na kwa nini moja huunguza jani kwa saa chache ilhali nyingine huchukua wiki tatu. Utajua pia kwa nini ile inayoua haraka mara nyingi huacha mizizi hai.

Njia ambayo nishati hupitia

Seli ya jani ina vituo viwili vikubwa vya nishati. Kloroplasti hunasa mwanga na kutengeneza sukari. Mitokondria huivunja sukari hiyo, mchana na usiku, na katika kila seli hai ikiwamo ya mizizi. Vyote viwili hutengeneza ATP, molekuli inayoendesha karibu kila kazi ya seli, na vyote hufanya hivyo kwa mbinu moja: elektroni hupitishwa kutoka protini hadi protini ndani ya utando, na safari hiyo husukuma protoni upande mmoja wa utando.

Tuanze na kloroplasti, maana ndiko viuagugu vingi vinakolenga. Ndani yake kuna tando zilizolaliana tabaka kwa tabaka ziitwazo thailakoidi, na klorofili imefungwa kwenye protini za tando hizo. Katika mfumo wa nuru wa pili, ambao licha ya jina lake ndiko safari inakoanzia, klorofili ikinasa mwanga elektroni yake moja hupanda nishati na kuchomoka. Hupokewa na molekuli ya plastokwinoni iliyoshikiliwa mahali paitwapo QA, kisha hupelekwa kwa plastokwinoni nyingine iliyokaa kwenye mfuko mdogo wa protini ya D1. Mahali hapo huitwa QB. Plastokwinoni ya QB ikishapokea elektroni mbili na protoni mbili, hubanduka, huogelea ndani ya mafuta ya utando kupeleka mzigo wake mbele, na nyingine tupu hukaa mahali pake.

Pengo lililobaki kwenye klorofili huzibwa na maji. Molekuli mbili za maji huvunjwa, zinatoka elektroni nne, protoni nne na oksijeni tunayoivuta. Kuyapokonya maji elektroni si kazi rahisi. Klorofili hiyo iliyopoteza elektroni ina uwezo wa takriban volti 1.2, na hakuna kitu kingine katika viumbe hai kinachojulikana kuwa na nguvu ya kupokonya elektroni kuizidi. Yaani mtambo wa kawaida kabisa, ulio ndani ya kila jani, tayari umebeba kitu cha hatari. Usalama wake wote umo katika mwendo.

Kutoka hapo elektroni hupita katika kundi la protini liitwalo sitokromu b6f, hufika mfumo wa nuru wa kwanza, hupigwa mwanga mara ya pili, na mwishowe hukabidhiwa feredoksini, protini inayosaidia kutengeneza NADPH, molekuli inayobeba elektroni. Protoni nazo zimekuwa zikirundikana ndani ya thailakoidi. Hukaa humo kama maji yaliyozuiwa nyuma ya bwawa, na tundu la kutokea ni protini ya kuzunguka inayotengeneza ATP. Katika jani la spinachi, kila mzunguko mmoja hupitisha protoni 14 na kutoa ATP tatu. ATP na NADPH ndizo zinazotumika kuigeuza kaboni dioksidi kuwa sukari.

Kuna jambo moja la kushikwa hapa kabla hatujaendelea. Jani haliwezi kuukataa mwanga. Klorofili hunasa mwanga ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kabla kimeng'enya chochote hakijapata nafasi ya kujibu. Baada ya kunasa, ina muda wa nanosekunde chache kuipeleka nishati mahali: kwenye elektroni, kwenye joto, au kuirudisha kama mwanga hafifu mwekundu. Zikishindikana njia hizo, klorofili huingia katika hali nyingine inayodumu zaidi, na katika hali hiyo huikabidhi nishati yake oksijeni iliyo karibu. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa ile iitwayo oksijeni pekee (kwa Kiingereza singlet oxygen), aina yenye ukali wa ajabu inayochoma mafuta ya tando na kuharibu protini. Mmea una walinzi wake, hasa karotenoidi na vitamini E, wanaoizima hali hiyo. Lakini walinzi hao waliwekwa kwa ajili ya ajali ndogondogo za kila siku.

Kuziba mfuko wa QB

Atrazini, simazini, metribuzini, diuroni, bromoksinili, bentazoni: majina mengi, familia za kikemia zisizofanana, lakini mahali zinapokwenda ni pamoja. Zote hujipenyeza kwenye mfuko wa QB na kukaa pale plastokwinoni inapotakiwa kukaa. Hazifanyi mmenyuko wowote. Zinakalia kiti tu. Elektroni ikifika QA haina wa kuipokea, na mstari mzima nyuma yake unasimama.

Mwaka 1985 Johann Deisenhofer, Hartmut Michel na Robert Huber walichapisha umbo la kituo cha nuru cha bakteria anayefanana na mfumo wa nuru wa pili kwa muundo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1988. Fuwele za kituo hicho ziliwezesha pia kuona, atomu kwa atomu, kiuagugu cha jamii ya triazini kilivyokaa kwenye mfuko huo. Kabla ya hapo watu walijua kwa hesabu na vipimo kwamba dawa hizi huzuia pale. Sasa waliona zinavyojishikiza.

Kinachofuata juani ndicho nilichokitaja. Utengenezaji wa sukari husimama ndani ya saa chache, na hilo lenyewe lingevumilika. Ila mwanga haujasimama. Klorofili inaendelea kunasa, QA imejaa, na nishati inatafuta njia. Jani lililopata diuroni huanza kutoa mwanga mwekundu hafifu kwa wingi kuliko kawaida, kiasi kwamba wanasayansi hutumia ongezeko hilo kupima mabaki ya dawa hizi kwenye maji. Nishati nyingine huishia kwenye oksijeni. Karotenoidi huzidiwa, mafuta ya tando huanza kuoksidika kwa mfululizo, kila molekuli iliyoharibika ikiiharibu jirani yake, na tando huanza kuvuja. Jani hugeuka manjano kuanzia kingoni au katikati ya mishipa, kisha hukauka. Katika seli iliyochanika tando hata akiba nzuri ya wanga haina msaada wowote.

Mmea wa mahindi hupona atrazini, na hapa watu hudhani kwamba mfuko wake wa QB una umbo jingine. Hapana. Mfuko ni uleule. Mahindi huishika atrazini kwa glutathioni, kemikali ya ulinzi iliyo ndani ya seli, na kuibadilisha kabla haijafika kwa wingi kwenye kloroplasti, na pia huivunja kwa kemikali zake nyingine. Hiyo ni mbio kati ya kuingia kwa dawa na kuharibiwa kwake, ndiyo maana mmea dhaifu au uliopigwa na baridi unaweza kuumia kwa kipimo ambacho mwenzake mwenye afya hakihisi.

Magugu yalipata njia nyingine. Kisa cha kwanza kilichothibitishwa cha usugu dhidi ya triazini kilionekana mwaka 1968 katika kitalu kimoja cha jimbo la Washington, Marekani, kwa gugu liitwalo Senecio vulgaris, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1983 Joseph Hirschberg na Lee McIntosh, wakichunguza mchicha mwitu uliokuwa na usugu kama huo, walionyesha kwamba asidi amino moja tu ya protini ya D1, serini iliyo nafasi ya 264, ilikuwa imegeuka kuwa glisini. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya atrazini ikose pa kujishika, na gugu linavumilia kipimo zaidi ya mara mia.

Lakini nafasi ileile husaidia plastokwinoni kushika elektroni. Gugu lenye badiliko hilo hupeleka elektroni polepole kutoka QA hadi QB, kwa hiyo mahali pasipo na atrazini mara nyingi hushindwa na wenzake wa kawaida. Zaidi ya hayo, baadhi ya magugu hayo huwa mepesi zaidi kuuawa na bentazoni, ambayo hushikilia upande mwingine wa mfuko huohuo. Mimi naliona hili kuwa mojawapo ya masomo mazuri kuliko yote katika biolojia ya magugu: mmea umejiokoa kwa kuchokonoa mahali penyewe unapopitishia nishati, na gharama inaonekana kwenye ukuaji wake. Na kwa kuwa jeni ya D1 imo ndani ya kloroplasti na si kwenye kiini cha seli, usugu huu hurithiwa kutoka kwa mama kupitia mbegu. Chavua kwa kawaida haiubebi.

Kuiba elektroni mwishoni mwa mstari

Parakwati na ndugu yake dikwati hazizibi kitu. Zinasubiri mwisho wa safari, kwenye mfumo wa nuru wa kwanza, na kupokea elektroni iliyokuwa inakwenda kwa feredoksini. Uwezo wa parakwati wa kupokea elektroni ni milivolti 446 chini ya sifuri, na wa dikwati ni 349 chini ya sifuri, viwango vinavyozifaa kabisa kuchukua elektroni mahali hapo.

Molekuli ya parakwati iliyopokea elektroni haitulii. Huikabidhi oksijeni papo hapo na kuigeuza kuwa superoksaidi, kisha yenyewe hurudi ilivyokuwa, tayari kwa elektroni nyingine. Hapa ndipo ilipo siri ya ukali wake. Kiuagugu cha QB hukalia kiti kimoja, kwa hiyo huhitajika molekuli za kutosha kujaza viti. Parakwati haitumiki ikaisha. Molekuli moja huzunguka tena na tena, na kila mzunguko hutoa superoksaidi mpya kwa nguvu ya jua. Vimeng'enya vya ulinzi huigeuza superoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, ambayo ikikutana na chuma ndani ya seli hutoa chembe kali za haidroksili zisizochagua cha kuharibu. Mmea una mfumo mzima wa kuiondoa peroksaidi hiyo, lakini mfumo huo unahitaji NADPH, na elektroni za kutengenezea NADPH ndizo zinazoibwa. Kinga hukatwa mkono kwa pigo lilelile linaloleta madhara.

Kemikali yenyewe ilijulikana tangu mwaka 1882, na kufikia mwaka 1933 ilikuwa ikitumika maabara kama rangi ya kuonyesha mwendo wa elektroni, kwa kuwa ikipokea elektroni hugeuka buluu. Kampuni ya ICI ya Uingereza iligundua mwaka 1955 kwamba inaua mimea, na ikaanza kuuzwa mwaka 1962.

Kasi hiyo ina hasara yake. Jani likiharibika ndani ya saa chache, njia za kusafirishia maji na sukari nazo hufa, na dawa hunaswa palepale ilipoangukia. Ndiyo maana gugu lenye vizizi vya chini ya ardhi huchipua tena. Kunyunyiza jioni husaidia kidogo, kwa sababu usiku dawa husogea kabla mwanga haujaiwasha.

Na lazima niseme wazi kuhusu binadamu. Mapafu hayana mfumo wa nuru, lakini seli zake huivuta parakwati kwa njia iliyokusudiwa kwa kemikali nyingine ziitwazo poliamini, na huirundika. Humo vimeng'enya vya kawaida vya seli huipa elektroni, oksijeni ya pumzi iko tele, na mzunguko uleule wa kwenye jani huanza ndani ya kifua. Hakuna dawa ya kuiondolea sumu hiyo. Kiasi kidogo kikimezwa chaweza kuua, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa za mapafu kuzidi kukakamaa. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu mwaka 2007. Anayeihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji anaweka kifo mahali ambapo mtoto atakifikia.

Rangi isiyo na mahali, na mwanga usio na walinzi

Kuna kundi ambalo kwa muda mrefu liliwashangaza watafiti. Fomesafeni, oksifluorfeni na jamaa zake huzuia kimeng'enya kiitwacho PPO, kilicho kwenye njia ya kutengeneza klorofili na himu, molekuli yenye chuma. Ungetarajia kwamba kimeng'enya kikizuiwa, zao lake lipungue. Kinyume chake, zao hilo, protopofirini, hujaa ndani ya seli. Maelezo yake ni kwamba malighafi iliyokosa kusindikwa huvuja kutoka kwenye kloroplasti, na huko nje huoksidika bila utaratibu na kuwa protopofirini. Sasa seli ina rangi inayonasa mwanga ikielea mahali pasipo na protini ya kuishika, pasipo na karotenoidi, pasipo na mstari wa elektroni wa kupeleka nishati. Mwanga ukipiga, ile aina kali iitwayo oksijeni pekee hutoka kwa wingi. Jani huonyesha madoa yaliyoungua ndani ya siku moja.

Kundi jingine hulenga walinzi. Norflurazoni huzuia moja kwa moja utengenezaji wa karotenoidi. Mesotrioni hufika hapohapo kwa kuzunguka: huzuia kimeng'enya HPPD, kinachohitajika kutengeneza plastokwinoni na vitamini E, na kumbe plastokwinoni inahitajika pia katika kutengeneza karotenoidi. Majani mapya hutoka meupe kama karatasi. Weupe huo ni klorofili iliyoharibiwa na mwanga kwa kukosa ulinzi, na hauonyeshwi vyema na majani ya zamani kwa kuwa akiba yao ya karotenoidi ilishatengenezwa. Chanzo cha kundi hili ni cha kupendeza: mwaka 1977, huko California, mtafiti mmoja aliona kwamba chini ya mti wa Callistemon magugu hayakuwa yakiota vizuri, na kemikali iliyotolewa kwenye mti huo ikawa mfano wa kutengenezea mesotrioni.

Kutoboa utando wa mitokondria

Mpaka sasa tumekuwa juani. Lakini zipo dawa zinazoharibu hata gizani, kwa sababu zinagusa upumuaji wa seli. Mwaka 1961 Peter Mitchell alitoa nadharia kwamba ATP hutokana na protoni zilizorundikwa upande mmoja wa utando. Wengi hawakumwamini, na alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Moja ya mambo yaliyoeleweka kwa nadharia yake ni kazi ya dinitrofenoli. Molekuli hii ni asidi dhaifu inayoyeyuka katika mafuta. Hubeba protoni, huvuka nayo utando, huiachia upande wa pili, na kurudi kuchukua nyingine. Protoni zinarudi bila kupita kwenye protini ya ATP. Seli inaunguza sukari kwa kasi kubwa kuliko kawaida, oksijeni inatumika, joto linatoka, ila ATP haipatikani.

Dinitrofenoli na ndugu zake, DNOC na dinosebu, zilikuwa miongoni mwa viuagugu vya mwanzo vya kikemia vilivyochagua mimea ya kuua. DNOC ilianza kazi hiyo Ufaransa katika miaka ya 1930. Tatizo ni kwamba mitokondria ya mmea na ya binadamu hufanana mno. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 dinitrofenoli iliuzwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene, na watu walikufa kwa joto la mwili lisilodhibitika. Mwaka 1938 ilitangazwa kuwa haifai kabisa kwa binadamu. Dinosebu ilisimamishwa huko kwa dharura mwaka 1986. Bromoksinili tuliyoiona kwenye QB ina kidogo cha tabia hii pia, hivyo hupiga vituo vyote viwili.

Kufa sukari ikiwa imejaa

Sasa tufike kwenye dawa ambazo hazigusi mwanga wala ATP moja kwa moja, na bado huishia kuvuruga nishati. Ndizo zinazotumika zaidi, na ndizo zinazoelezwa vibaya zaidi.

Glaifoseti iligunduliwa kuwa kiuagugu na John Franz wa kampuni ya Monsanto mwaka 1970 na kuingia sokoni mwaka 1974. Mwaka 1980 Hans Steinrücken na Nikolaus Amrhein walionyesha mahali inapopiga: kimeng'enya EPSPS katika njia ya shikimati, njia ambayo mimea huitumia kutengeneza asidi amino tatu na kemikali nyingine nyingi, na ambayo wanyama hawana. Maelezo ya kawaida huishia hapo: mmea unakosa asidi amino, protini hazijengwi, mmea unakufa. Ni kweli, ila ni nusu.

Njia ya shikimati si kijia cha pembeni. Inakadiriwa kwamba si chini ya asilimia 20 ya kaboni inayonaswa na mmea hupitia humo. Kwa kawaida mwisho wa njia huzuia mwanzo wake: mazao yakitosha, kaboni hupunguzwa kuingia. Glaifoseti ikiziba katikati, mazao ya mwisho hayafiki, breki inaachia, na kaboni inaingia kwa kasi bila kizuizi. Inarundikana kama shikimati isiyo na matumizi. Na malighafi inayotumika pale mwanzoni hutoka kwenye mzunguko uleule unaonasa kaboni dioksidi. Mzunguko unanyonywa kaboni unayoihitaji ili ujiendeleze, unasaji wa kaboni dioksidi hushuka, na sukari ya kusafirishwa hupungua. Isitoshe, plastokwinoni nayo hutokana na njia hiyohiyo.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja shambani. Glaifoseti husafiri ndani ya mmea ikifuata mkondo wa sukari, kutoka jani lililokomaa kwenda kwenye vichipukizi na mizizi. Hiyo ndiyo nguvu yake dhidi ya magugu ya kudumu, na ndiyo sababu huenda polepole, siku hata wiki. Lakini ikisha kuvuruga utengenezaji wa sukari, mkondo unaoibeba unafifia: dawa inajifungia njia yake. Gugu lililonyauka kwa ukame, lisilosafirisha sukari, haliipeleki dawa mizizini hata ukiongeza kipimo.

Viuagugu vinavyozuia ALS, kimeng'enya cha kutengenezea baadhi ya asidi amino, kama salfonilurea zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, vinashangaza zaidi. Gramu chache hadi makumi kadhaa za kiambata hai kwa hekta zinatosha, pale atrazini ingehitaji kilo nzima au zaidi. Ukuaji husimama upesi, lakini mmea huchukua wiki kufa. Ukilipima jani lake katika kipindi hicho, unakuta sukari na wanga vimejaa. Mizizini pia sukari imejaa. Watafiti wa Hispania waliochunguza njegere waliona jambo la ziada: mizizi iliyokuwa na oksijeni ya kutosha ilianza kuchachusha sukari, tabia ambayo mizizi huwa nayo inapozama majini. Piruvati, zao la kuvunjwa kwa sukari ambalo lingepelekwa na ALS kwenye asidi amino, imekosa njia moja, na seli inaigeuza kwa uchachushaji unaotoa ATP kidogo mno kwa kila sukari. Mmea una chakula tele, ila hauna ukuaji wa kukitumia, na kilichopo unakitumia kwa hasara.

Glufosineti nayo ilieleweka vibaya kwa miongo mingi. Huzuia kimeng'enya kinachoshika amonia, amonia hujaa kwenye seli, na ilikuwa rahisi kusema kwamba amonia ndiyo muuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kasi ya kuua haifuati kiasi cha amonia. Inafuata oksijeni kali zinazotengenezwa mwanga unapokuwepo. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kazi zinazopokea elektroni za kloroplasti hukwama, na elektroni huishia kwenye oksijeni. Ni mkasa uleule wa atrazini ulioingilia mlango mwingine. Ndiyo maana glufosineti iliyonyunyizwa siku ya mawingu au jua likizama hufanya kazi dhaifu, na wanaoilaumu dawa wangeangalia kwanza saa waliyonyunyiza.

Namba kwenye kopo, na kile ambacho namba hazionyeshi

Kamati ya kimataifa inayoshughulikia usugu dhidi ya viuagugu, HRAC, huvipanga viuagugu kwa namba kufuata mahali vinapopiga. Vya QB ni kundi la 5 na la 6, parakwati na dikwati ni la 22, vya PPO ni la 14, vya HPPD ni la 27, vinavyotoboa utando ni la 24, glaifoseti ni la 9, glufosineti la 10, vya ALS la 2. Mtu anayebadilisha chapa lakini akabaki kwenye namba ileile hajabadilisha kitu machoni pa gugu.

Namba hizi husaidia pia kuelewa michanganyiko. Mesotrioni pamoja na atrazini huua kuliko jumla ya kila moja peke yake, na sababu tumeshaiona: mesotrioni hupunguza plastokwinoni, hivyo atrazini haina mshindani mkubwa kwenye mfuko wa QB, na wakati huohuo huondoa karotenoidi na vitamini E ambazo zingezima oksijeni inayotokana na kuziba huko.

Ila kuna usugu ambao kubadilisha namba hakuukomeshi. Huko Australia, nyasi iitwayo Lolium rigidum imejijengea vimeng'enya vingi vya kundi la sitokromu P450, vinavyovunja kemikali ngeni kabla hazijafika zinakolenga. Vimeng'enya hivyo havijali kama dawa ilikuwa inakwenda kwenye D1, kwenye ALS au kwingineko. Baadhi ya nyasi hizo zimekutwa na usugu dhidi ya viuagugu ambavyo havijawahi kunyunyizwa katika shamba lao.